Mtama Hatuli

Mwende, weka simu hapo karibu na mimi na uandike vile nasema. Usinirekebishe. Mimi kalamu sikuwahi kushika, lakini masikio niko nayo, na mdomo Mungu alinipatia ya watu wawili. Nyinyi vijana wa ofisi mmesema mnataka kujua venye tulikuwa tunafanya kazi kabla ya hizo tableti zenu. Nitawaambia. Nani alipandishwa cheo na nani alipewa gari, hiyo muwaulize wenyewe, wanakumbuka vizuri sana.

Nilikuwa nauza muthokoi kwa soko ya Migwani, yale mahindi yametwangwa mpaka ganda ikatoka. Siku moja gari nyeupe ikasimama pale kwa choo ya soko, mahali hakuna mtu mwenye akili anasimamisha gari. Akashuka mama mfupi wa kofia, na nyuma yake kijana wa tai wa kumtafsiria. Wakaenda kwa jirani yangu mwenye kuuza kunde. Mama wa kofia akauliza bei, kijana akauliza kwa Kikamba. Sasa jirani yangu ni mtu ukimuuliza saa anakuelezea venye jua iliumbwa. Akaeleza mvua ilikuja ikatoroka, wadudu wakaingia, dalali akakuja na lori akapakia zote, na hizi kidogo amezitoa mbali, na mgongo inamuuma. Kijana akasikiza yote, akarekebisha tai, akageuka: "Anasema bei imepanda."

Mimi nikashindwa kunyamaza. Nikawageukia wanawake wenzangu nikarudia hiyo "anasema bei imepanda" na ile sauti yake ya puani. Halafu nikauliza bei ya kunde na sauti ya mama wa kofia. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ndengu.

Mama wa kofia akakuja. "Mama, unawaambia nini wanacheka hivyo?"

"Nawaambia venye umeuliza."

"Mimi nimeuliza bei ya kunde tu."

"Ndiyo. Nimeuliza hiyo hiyo. Nimeweka na kofia."

Hakucheka. Aliniangalia venye mtu anaangalia mbuzi anafikiria kununua. Akasema, "Hebu muulize yule pale, mwaka jana wakati kama huu bei ilikuwa juu ama chini. Uniambie yote yenye atasema. Yote. Hata akikohoa."

Nikauliza, nikamletea yote, na kikohozi nikamwekea mahali pake. Hapo ndiyo nilianza kazi.

Jioni nikamwambia mzee wangu, "Nimeandikwa na mchumi."

Akaacha kutafuna. "Anachuma nini?"

"Sijui. Nadhani mbaazi."

"Basi mwambie na zetu ziko tayari."

Huyo mama wa kofia ni Daktari Nyambura, daktari wa vitabu, si wa sindano. Wengi wenu mlimkuta amezeeka, mkafikiri ni mkali. Alikuwa mkali hata akiwa kijana. Ni mtu wa Nyeri, na akikasirika hiyo Kiswahili yake inapoteza L, inakuwa "chakura" na "barua ya mararamiko". Mimi ni Mkamba, R sikuzaliwa nayo, ripoti kwangu ni "lipoti" mpaka leo. Mwende akiandika ataniwekea R zangu mahali pake. Kilonzo dereva alikuwa anasema Daktari hana L, mimi sina R, tukiwa wawili tunatosha Kiswahili moja.

Nilimuuliza Daktari kwa gari, tukienda mji wa Wote, uchumi ni nini. Akasema, "Mimi nafuata chakula. Kutoka shamba mpaka sufuria. Naangalia inapita wapi, na nani anaifinya njiani. Halafu naenda kuwaambia wale wenye wanaweza kumwambia aache kufinya."

"Na wanasikia?"

"Saa zingine."

Kilonzo naye, huyo mwenye sauti ya mlango haujapakwa mafuta, akasema, "Wakisikia watengeneze na hii barabara."

Nyinyi mnaulizanga tulikuwa na vifaa gani. Daktari alikuwa anabeba gorogoro yake mwenyewe kwa begi, ile mkebe ya kupimia nafaka. Haijabondwa. Akifika soko mpya, hata salamu haijaisha, anamwaga mahindi ya muuzaji kutoka kwa gorogoro ya muuzaji mpaka kwa yake. Kuna siku soko moja ya Makueni, mkebe ya mwanamume fulani ilikuwa imebondwa chini mpaka imekuwa kama imebeba mimba ya ndani. Tukamwaga, yetu haikujaa.

Yule mwanamume akasema pole pole, "Mama, hiyo yako imevimba."

Daktari akaandika. Mimi nikamuuliza, "Unaandika nini sasa, amedanganya?"

"Naandika bei yenye kweli mtu analipa. Kile ameandika kwa kadibodi si bei, ni salamu."

Hiyo nimeweka mpaka leo. Hata kanisani wakitangaza kitu, najiuliza hiyo ni bei ama ni salamu.

Kitu ingine alinifundisha ni kukaa. Nyinyi mkifika boma mnapewa viti vya plastiki, mnakaa mkiangaliana na mama ya nyumba kama mnamposea. Mtu hawezi kukuambia ukweli hivyo. Daktari akifika, akikuta mama anatoa mbaazi kwa maganda, anavuta kigoda, anachukua mbaazi na yeye. Mikono ikiwa na kazi mdomo inafunguka yenyewe. Na hakuna siku alimuuliza mtu mambo ya njaa jirani akiwa hapo. "Mbele ya jirani," alisema, "kila mtu ameshiba." Hiyo ni kweli, na mimi mwenyewe nimeshiba hivyo miaka mingi.

Sasa niwaambie ile ya mtama, maana hiyo ndiyo mnanisumbua nayo.

Shirika yenye ilituandika ilikuwa na mpango wa chakula ya shule huko chini, upande wa Mutomo. Daktari alikuwa ameandika kwa makaratasi yake kwamba badala ya kuleta mahindi na lori kutoka mbali, shule zinunue mtama kwa wamama wa hapo hapo, maana mtama inavumilia hiyo jua yao na mahindi inakufa ikiangalia. Wakubwa wakasema ni sawa, tujaribu. Vikundi vya wamama vikapewa mbegu. Mmoja wao ni Syokau.

Syokau ni mjane, mrefu, mtu wa kanisa, akiomba mnaweza kwenda kuchota maji mrudi. Yeye hakupanda kipande. Alitoa mahindi yote akapanda mtama shamba mzima, na wengine kwa kikundi wakamfuata kwa sababu ni yeye. Mvua ikakubali. Mtama ikazaa. Akavuna, akajaza magunia, akayapanga kwa nyumba yenye analala, yeye akahamia jikoni.

Halafu kabla ya kununua, wakubwa wakasema kwanza tuulize, hao watu wanakula hiyo mtama? Tusiende kulazimisha watoto kitu hawajui. Ilikuwa swali nzuri. Fomu ikatengenezwa Nairobi, tukaenda nayo boma kwa boma. Swali ilikuwa imeandikwa: Je, nyumba yenu hula mtama?

Nikauliza kwa Kikamba vile ilikuwa. Hapana. Boma ingine, hapana. Kwa nyumba ya mzee moja mwenye hasikii vizuri nilipiga kelele, na yeye akapiga kelele, hapana. Msiniulize kwa nini sikushtuka. Hata mimi mtama sili.

Daktari akawa anafunua hizo fomu tena na tena kwa gari. Kilonzo akajaribu kumtoa kwa mawazo na habari ya shimo yenye ilimeza lori, hakusikia. Mwishowe akaniambia, "Hii fomu ikifika Nairobi hivi, wataagiza mahindi. Na Syokau atabaki na magunia."

"Si kuna dalali?"

"Dalali anataka ya kulisha kuku. Atampatia kitu ya kumtukana."

Tukafika kwa Syokau mwisho, jua ikiwa kali. Daktari alikuwa hataki kuingia, niliona. Ni vigumu kukaa kwa mtu ukijua umebeba kitu ya kumuumiza. Lakini Syokau alikuwa ameshatuona. Akatuweka chini, na kabla hatujasema neno akatuletea uji kwa nzele, ile kibuyu imekatwa katikati. Huko ni hivyo, mgeni haulizwi na haulizi akiwa na koo kavu.

Daktari akakunywa kidogo. Halafu akauliza mwenyewe ile swali ya fomu kwa Kiswahili, maana Syokau anaisikia, macho ikiwa chini. "Mama Syokau, hapa nyumbani mnakula mtama?"

"Mtama? Hatuli."

Daktari akaandika. Akakunywa tena. Akaangalia ndani ya nzele, akaona ile rangi yake nyekundu nyekundu ya udongo. Akauliza, sauti yake ikiwa ndogo kabisa, "Huu uji ni wa nini?"

"Ni wa mtama."

"Lakini umeniambia hamli mtama."

Syokau akamwangalia na huruma, venye unaangalia mtoto wa mgeni. "Daktari. Uji haukuliwi. Unakunywewa."

Kilonzo akatemea uji kwa goti. Mimi nikaanza kucheka, Syokau naye hajui tunacheka nini lakini akacheka kwa heshima. Daktari hakucheka. Aliweka nzele chini pole pole, akashika kichwa na mikono miwili, akasema, "Kunywa hatujauriza. Yote mbiri tungeuriza." L zote zimeenda.

Mnaona, kwetu kula ni muthokoi, ni isyo, ile mahindi na maharagwe, ni ugali. Kitu yenye inakaa chini tumboni. Kila mtu tulimuuliza alisema ukweli mtupu, na ukweli yote ikijumlishwa ilikuwa imefanya Syokau alale jikoni bure.

Siku ya wakubwa kuamua ilikuwa karibu sana. Daktari akasema tunarudi. Nikamwambia hatutamaliza boma zote. Akasema, "Zenye tutafika, tutafika." Kilonzo akaongea mambo ya springi za gari mpaka tukamwambia ashuke atembee. Tulirudi kwa watu wale wale, na kila mahali wananiuliza, "Kwani mmesahau nini?" Mimi nasema, "Tumesahau kunywa." Boma chache ndizo hazikuwa na uji. Yule mzee hasikii akapiga kelele, "Kila asubuhi! Tangu nizaliwe!" Huyo nilimsamehe masikio.

Mkutano ilikuwa Kitui mjini, hoteli yenye viti vimevaa nguo. Shirika ilikuwa imeita wamama wachache wa vikundi, Syokau akawa mmoja. Alivaa kitambaa cha kanisa, akaulizwa aombe, akaomba. Chai ikapoa.

Mkurugenzi kutoka Nairobi alikuwa mwanamume mkubwa wa taratibu, ile sauti inatoka chini kama pipa linaviringishwa. Anaanza kila kitu na "kwa ufupi". Akasema, "Kwa ufupi, takwimu za kwanza zinasema watu hawali mtama. Takwimu za pili zinasema wanatumia. Daktari, mimi najua unaitaka hii kazi iende. Mtu anaweza kusema uliuliza tena mpaka ukapata jibu unalotaka. Mimi nitajibu nini?"

Hiyo ilikuwa haki yake kuuliza. Nilimwona Daktari ameshika kalamu kama kisu. Akasema, "Usijibu wewe. Ruhusu mwenzangu awasomee vile waliongea." Akanionyesha mimi. Mwenzangu. Hakusema mkalimani, hakusema huyu mama wetu wa Migwani. Na kusoma sisomi, lakini alijua venye nitasoma.

Nikasimama. Nikawapatia wote. Mama wa kwanza na haraka yake, msichana mwenye mtoto mgongoni anaongea akitingisha, yule mzee na makelele yake, swali ya kwanza na jibu yake, swali ya pili na jibu yake. Nikaweka na sauti ya Daktari ya Nyeri katikati, na shimo za Kilonzo. Watu wakacheka, hata Daktari akafunika mdomo. Lakini nilipokaa, Mkurugenzi alikuwa bado hajacheka.

Akamgeukia Syokau mwenyewe. "Mama, kwa ufupi. Wewe unakula mtama?"

Syokau akasema, "Hapana."

Daktari akafunga macho. Mimi nilijua Syokau hawezi kudanganya, hata umchome, na hasa akiwa na hicho kitambaa.

Halafu Syokau, pole pole, akaangalia kikombe mbele ya Mkurugenzi. Akamuuliza, "Na wewe baba, hiyo chai unaikula?"

Mkurugenzi akaangalia kikombe. Halafu hiyo pipa ikaanza kuviringika kutoka ndani, akacheka mpaka miwani ikatoka. Akasema, "Mama yangu huko Siaya alinilea na uji wa mtama. Angeniona na hii fomu angenichapa." Akafuta macho. "Kwetu pia ni kunywa. Na mimi ndiye niliipitisha hii fomu."

Msifikiri tulipata kila kitu. Chakula ya mchana ilibaki mahindi na maharagwe, maana hiyo ilikuwa imeshaagizwa na haikurudi. Tulipata uji wa saa nne, wa nasari na madarasa ya chini, na mtama itoke kwa vikundi vya wamama. Syokau hakufurahi sana. Tukimrudisha nyumbani alisema kwa gari, "Mimi nilitaka na ya mchana."

Daktari akamwambia, "Leo tumepata kikombe. Sahani tutaenda kuiomba."

"Utaiomba lini?"

"Nikifika ofisi."

Na alienda kuiomba, mwaka kwa mwaka, na sahani bado. Lakini magunia yalitoka kwa ile nyumba, Syokau akarudi kulala kwa kitanda chake. Alinitumia salamu na Kilonzo, eti sasa chumba ni kubwa mpaka anasikia baridi.

Tangu siku hiyo hakuna fomu ilitoka kwa ile ofisi bila Daktari kuuliza, "Na kunywa?" Nyinyi mkiona kwa tableti zenu imeandikwa "kula au kunywa", mnapita haraka haraka na kidole. Pitieni pole pole. Hapo kuna mama alilala jikoni.

Nimetoka kazini na mwili yangu nzima, nashukuru. Daktari alinifanyia sherehe ndogo, akanipatia ile gorogoro yake haijabondwa. Akasema tu, "Utatupigia simu." Nikamjibu na sauti yake mwenyewe, "Utatupigia simu," na hapo akalia vizuri, bila aibu. Mimi niliingia kwa kazi yake nikiwa mtu wa kuchekesha soko. Angeweza kuniambia ninyamaze, watu wengi walikuwa wameniambia hivyo, hata mchungaji. Yeye aliniambia nisiache hata kikohozi. Kwa hiyo peke yake namwambia ni muvea, asante, na nitaendelea kumwambia.

Sasa nimalize, simu yako inakaribia kuzima na mimi niko na mbaazi.

Ile projekti ya uji iliisha, mnajua. Uji ulifika mpaka shule za huku Migwani, halafu shirika ikafunga, ikaachia shule na wazazi waendelee wenyewe kama wanaweza. Nilikuwa naogopa. Nimeona vitu vingi vinakufa siku gari nyeupe inaondoka. Nilitaka kuuliza shuleni, lakini nikajiambia umestaafu, mama, kaa chini.

Juzi mjukuu wangu Kanini, yuko nasari, akaingia saa sita kutoka shule, akatupa begi mlangoni. "Susu, niko na njaa. Leo hatujakula."

Mikono yangu ikasimama kwa mbaazi. Nikajua basi, imekufa. Nikamwona Syokau tena na magunia. Nikauliza, "Hamjakula? Mwalimu hakuwapatia kitu?"

Akaniangalia na huruma, venye unaangalia mtoto wa mgeni.

"Uji tulikunywa, Susu. Nasema chakula."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena, pole pole, nishike hiyo sauti ya kumpigia Daktari nayo. Halafu nikaamka nikampakulia isyo, na yeye akakula.